Utani Mezani: Kinachomfanya Mtazamaji Asiguse Rimoti

Mada kwa warsha ya watangazaji na wachambuzi chipukizi, Chamazi, Temeke



Nimeombwa nizungumzie kinachomfanya mtangazaji au mchambuzi wa televisheni apendeze kutazamwa. Sitagusa suti, poda ya usoni wala namna ya kukaa mbele ya kamera. Hayo yana walimu wake, na kwa kweli mtu hujifunza ndani ya wiki. Nataka tuzungumze jambo gumu zaidi. Watu watatu au wanne wamekaa kwenye meza moja wanajadili kitu ambacho mtazamaji ameshakiona kwa macho yake mwenyewe, na bado mtazamaji huyo anabaki kuwasikiliza. Anabakia nini?

Chamazi ni mahali pazuri pa kuuliza swali hili. Hapa ndipo ulipo Uwanja wa Azam Complex, wenye nafasi ya watu wapatao 10,000, nyumbani kwa Azam FC iliyotwaa ubingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. Oktoba 2023 Simba walirudiana na Power Dynamos ya Zambia hapa hapa, kwa kuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa ulikuwa kwenye ukarabati. Mpira unachezwa jirani na vyumba vyetu vya kulala, lakini wengi wetu tunautazama kwenye kioo. Mei 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo ya Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mpira ulionunuliwa kwa fedha hizo hauoneshwi dakika 90 ukaachwa uende zake. Utazungumzwa kabla, katikati na baada, na hapo katika mazungumzo ndipo zilipo ajira mnazozitafuta.

Kipimo cha banda umiza

Nendeni banda umiza lolote, la Mbande au la Kisewe, siku ya mechi kubwa. Watu wamelipa kiingilio kwa ajili ya mpira. Uchambuzi hakuna aliyeulipia. Yakifika mapumziko kila mmoja ana robo saa yake ya kahawa, sigara, simu na kwenda kujisaidia. Mwenye banda naye ana hiari ya kupunguza sauti ya televisheni na kuweka singeli. Sasa subirini siku ambayo anaishika rimoti, halafu benchi la mbele linamfokea: "We acha, tumsikie huyu!" Huyo ndiye tunayemtafuta leo.

Nimekaa kwenye mabanda hayo vya kutosha kuona kwamba anayesubiriwa hivyo si lazima awe na sauti nene, wala si lazima awe amewahi kuchezea timu kubwa. Chukulieni goli la dakika ya 38. Banda zima limeshahukumu: kosa la kipa. Mchambuzi anasema: "Rudisheni picha nyuma, kabla ya krosi. Mtazameni beki wa kushoto, amenyoosha mkono anamwita kiungo aje amfunike. Kiungo yuko wapi? Bado anabishana na mwamuzi. Goli limefungwa hapo, kipa amekuja kuzikwa tu." Banda linanyamaza kidogo, kisha mtu mmoja anagonga benchi: "Kweli, bwana!" Mchambuzi amewapa kitu walichokitazama bila kukiona. Mechi ijayo kila mmoja atamtazama kiungo yule na kujiona mjuzi, na mtu aliyekufanya ujione mjuzi unamrudia.

Mlinganisheni na yule anayesema timu imekosa utulivu, wachezaji wajitume, kipindi cha pili kitakuwa kigumu. Maneno hayo yangeweza kusemwa juu ya mechi yoyote tangu ligi yetu ianze mwaka 1965. Huyo hata akivaa tai ya dhahabu, singeli itawekwa.

Masharti ya utani

Hata hivyo ujuzi peke yake hautoshi. Ungetosha, tungewaweka makocha mezani na ubao, wakafundisha. Kinachomfunga mtazamaji ni uhusiano wa wale waliokaa pamoja, na sisi hatuhitaji kwenda mbali kuutafuta mfano wake, kwa sababu tuna utani.

Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, ni watani wa Wanyamwezi, utani ambao husimuliwa kuwa ulizaliwa kwenye njia za misafara kati ya bara na pwani. Tuliokulia humu tunayajua masharti yake bila kufundishwa. Unamtania unayemjua. Akikurudishia huruhusiwi kununa. Unapiga panapouma lakini hupigi penye kidonda kibichi. Na siku ya msiba, yule yule aliyekutukana mchana kutwa ndiye anayeshughulika kwenye mazishi yako. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, hatuwaiti maadui, na nadhani kila jopo la michezo linalopendwa nchini linaishi kwa kanuni hiyo hata kama halijawahi kuitamka.

Kanuni hiyo ipo hata ng'ambo. Wamarekani wana kipindi kiitwacho Inside the NBA, cha mpira wa kikapu. Mezani yumo Charles Barkley, mmoja wa wachezaji wakubwa wa zama zake, ambaye hakuwahi kutwaa ubingwa. Pembeni yake yumo Shaquille O'Neal mwenye mataji manne, na Kenny Smith mwenye mawili. Mnaweza kukisia kinachotokea kila Barkley anapojifanya kujua njia ya ubingwa. Anachekwa, naye anajibu mapigo, na watu wamekuwa wakiutazama utani huo mwaka baada ya mwaka. Anayewaongoza, Ernie Johnson, hakuwahi kucheza ligi hiyo. Kazi yake ni kujua lini amwachie Barkley aendelee na lini aite tangazo.

Huko Uingereza, wakati wa Kombe la Dunia la 1970, kituo cha ITV kiliwaweka studio Malcolm Allison, Pat Crerand, Derek Dougan na Bob McNab, wakabishana hadharani. Jambo hilo lilikuwa geni, na watazamaji walilipokea kwa hamu. Angalieni walivyochaguliwa: Crerand ni Mskochi na Dougan alitoka Ireland ya Kaskazini, kwa hiyo timu ya England ikifungwa hawakuwa na sababu ya kulia. McNab alikuwa ameachwa kwenye kikosi cha mwisho cha England. Kila mmoja alikuja mezani na msimamo wake na donda lake. Mtayarishaji wa siku hizi hapa kwetu huniambia anatafuta wachambuzi "wanaoelewana". Wanaoelewana kwa kila kitu wa nini? Mmoja anatosha, na nauli ya wengine itaokolewa.

Utani wa mezani una mpaka wake. Shindano la kuimba la Bongo Star Search la miaka ya 2000 lilituonyesha pande zote mbili. Kwenye meza ya majaji walikaa Rita Paulsen, Master Jay na Salama Jabir, watu watatu ambao usingeweza kuwabadilishia viti. Rita alikuwa mwenye nyumba, Master Jay alisikiliza kwa masikio ya mtu wa studio ya muziki, Salama hakuzungusha maneno. Walipopingana wao kwa wao, kipindi kilinoga. Lakini kwenye usaili, kijana aliyeimba vibaya alipochekwa na ukumbi mzima, mimi niliona haya nikiwa nimekaa sebuleni. Mtani ana haki ya kujibu. Kijana aliyetoka kwao na nauli ya kuazima, mbele ya kamera tatu, hana. Watu walicheka, sikatai, na wengine watasema ndicho kilichoupa umaarufu usaili ule. Mimi bado nasema kumcheka asiyeweza kukujibu ni kipaji cha bei rahisi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi mnalichanganya. Mwaka 2022 Ahmed Ally, aliyetokea kwenye utangazaji, aliteuliwa kuwa msemaji wa Simba, na Ally Kamwe, aliyejulikana kwa uchambuzi, akawa msemaji wa Yanga. Tangu hapo majibizano yao ni burudani kamili, na wanastahili sifa. Lakini wao wameajiriwa kuwa na upande. Nawaona wachambuzi chipukizi wakiwaiga, wanapiga kelele mezani kama wako kwenye tamasha la klabu. Mchambuzi anaweza kuwa shabiki. Nani asiye shabiki nchi hii? Tunachomdai ni kwamba siku timu yake ikipewa penalti ya uongo, aseme ni ya uongo. Akisema hivyo mara moja tu kwa uchungu unaoonekana usoni, banda umiza litamwamini msimu mzima.

Sauti, na kunyamaza

Sisi ni watoto wa redio. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar walianza tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo kizazi kizima kilijifunza kutazama mpira kwa masikio, kupitia watu kama marehemu Charles Hilary, aliyeanzia Radio Tanzania, akapita Deutsche Welle na BBC kabla ya kurudi nyumbani na kuonekana Azam TV. Redio ilimlazimisha mtangazaji kusema kila kitu, mpira uko wapi na nani kaanguka. Kwenye televisheni nimeshauona mpira uko wapi. Ukiniambia tena unanipotezea muda.

Mtangazaji wa mpira Baraka Mpenja analitatua tatizo hili kwa njia yake: haelezi picha, anaipamba, na misemo yake inarudiwa vijiweni kesho yake. Sasa kila kijana anayepewa maiki anataka kuwa Mpenja. Matokeo yake tunasikia mashairi marefu juu ya mpira uliotoka nje. Mapambo yana mahali pake, na mahali pake ni pachache.

Wenye kazi ya kunyamaza hasa ni waongoza vipindi. Swali la mwongozaji mzuri halizidi pumzi moja. Swali baya huwa na utangulizi, takwimu, maoni ya muulizaji, halafu "sijui wewe unalionaje?" Mgeni anabaki hana la kusema isipokuwa "ni kweli kama ulivyosema". Fanyeni jaribio hili nyumbani: zimeni sauti dakika kumi, mtazame nyuso tu. Mtawaona wanaosikiliza na wanaosubiri zamu. Mtamwona anayechungulia simu chini ya meza wakati mwenzake anaongea. Mtazamaji naye anamwona, hata sauti ikiwa juu, na bila kujua sababu anaanza kuipapasa rimoti.

Neno moja kwa watayarishaji waliopo ukumbini. Mnaalika wanawake kwenye meza za michezo kisha mnawapa kazi ya kusoma meseji za watazamaji. Msishangae mkiambiwa hawana la kusema. Wapeni picha ya goli la dakika ya 38 waichambue.

Mchana tutakuwa na zoezi. Meza moja, watu wanne, kipande cha mechi cha dakika tano, kamera moja. Wawili lazima wapingane juu ya jambo moja wanaloliamini kweli, wa tatu aongoze, wa nne atatuambia ni kitu gani hakuna mwingine aliyekiona. Benchi la mbele wana ruhusa ya kupiga kelele. Yeyote atakayesema "timu ijitume" atanunua chai ya saa kumi, na mwenyekiti wa warsha amekubali kwamba sharti hilo linamhusu hata mtoa mada.