Bei ya Kusubiri: Muda wa Kubadilishana Wachezaji katika Mpira wa Kikapu wa Kulipwa

Ufafanuzi wa maneno hautatuchukua muda. Katika NBA klabu haimuuzi mchezaji kwa ada kama kwenye soka. Inampeleka kwingine na kupokea wachezaji au nafasi za kuchagua chipukizi miaka ijayo. Mlango hufungwa Februari, na wengi wa waliosaini mikataba mipya katikati ya mwaka hawaruhusiwi kuhamishwa kabla ya Desemba 15. Hayo yanatosha. Ninalotaka tulitazame ni jambo ambalo vikao vya klabu hulikwepa: hujadili nani aondoke mpaka sauti zikauke, lakini lini aondoke huachiwa kalenda ya ligi.

Anayempokea nyota halipii kipaji peke yake, analipia na muda uliobaki kwenye mkataba. Mwenye misimu miwili mbele yake anaweza kutakiwa na ligi nzima. Akibakiza miezi mitano, wanaomtaka kwa dhati ni wale tu wanaoamini atakubali kubaki kwao, na hapo mchezaji na wakala wake ndio wanaoamua soko liwe pana kiasi gani. Wafuatiliaji wa soka wanaijua hali hii: mchezaji akiingia miezi sita ya mwisho anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyingine, na klabu yake inabaki kubembeleza. Kwa hiyo wakati mwafaka wa kuuza ni ule ambao hakuna anayeona haja ya kuuza, na hapo ndipo penye ugumu wote.

Toronto Raptors inatupa ushahidi wa pande zote mbili, chini ya kiongozi yuleyule, Masai Ujiri, Mnaijeria ambaye mama yake ni Mkenya. Julai 2018 San Antonio ilikuwa na Kawhi Leonard aliyecheza mechi 9 tu msimu uliopita, aliyetaka kuondoka, na ambaye angeweza kuwa mchezaji huru baada ya mwaka mmoja. Ilikuwa imechelewa, na Ujiri alinunua kwa muuzaji aliyechelewa. Alimtoa DeMar DeRozan, aliyeitumikia Toronto misimu tisa na ambaye mkataba wake ulikuwa bado na miaka. Mashabiki walilia, mwaka 2019 klabu ikachukua ubingwa.

Miaka minne baadaye ofisi hiyohiyo ikakaa kwenye kiti cha San Antonio. Februari 2023 ilikuwa na Fred VanVleet, ambaye angeweza kujitoa kwenye mkataba miezi michache mbele, pamoja na OG Anunoby na Pascal Siakam, ambao wangeweza kuwa huru mwaka uliofuata. Haikumwachia hata mmoja. Badala yake ilitoa nafasi ya raundi ya kwanza ya 2024 kumrudisha Jakob Poeltl kutoka San Antonio. Ikamaliza msimu ikiwa imeshinda 41 na kupoteza 41, ikatolewa na Chicago kwenye mchujo, na VanVleet akaenda Houston bila Toronto kupata kitu. Anunoby aliondoka Desemba 2023, Siakam Januari 2024. Msimu huo ulipokwisha kwa ushindi 25 tu, ile nafasi iliyotolewa ikawa ya 8, mali ya San Antonio. Mada hii haikusudii kumhukumu mtu, lakini hesabu hiyo inauma hata kwa asiye shabiki.

Atatokea wa kusema kwamba Siakam, pamoja na kuchelewa, alileta nafasi tatu za raundi ya kwanza. Ni kweli. Ila mnunuzi alikuwa Indiana, timu iliyokwisha kuwa nzuri, na nafasi ya timu nzuri huwa ya nyuma. Mojawapo ilitumika kumchagua mchezaji wa 19. Pingamizi zito zaidi ni la Leonard mwenyewe: Toronto ilimshikilia hadi mwisho na akaondoka bure. Hapo nakubali bila kubisha. Timu iliyo karibu na kombe ina haki ya kumtumia mchezaji mpaka siku ya mwisho. Ninachokataa ni timu ya 41 kwa 41 kujipa haki hiyo.

Oklahoma City ilijifunza kwa gharama. Mwaka 2016 Kevin Durant aliondoka bure. Mwaka 2019 Paul George aliyeomba kuondoka alikuwa na mwaka mmoja tu tangu asaini mkataba mrefu, na Clippers wakamtoa Shai Gilgeous-Alexander pamoja na nafasi tano za raundi ya kwanza. Mwaka 2025 klabu ikawa bingwa. Hata chipukizi hawasalimiki na kusubiri: Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009, alikalishwa benchi Memphis hata ilipofika Februari 2011 klabu ikabidi imwongezee nafasi ya raundi ya kwanza ili Houston iipe Shane Battier.

Napendekeza basi kila ofisi iweke kwenye maandishi tarehe ambayo kila nyota wake atabakiza misimu miwili, na tarehe hiyo ndiyo iitishe kikao, si Februari. Haki ya mchezaji kujitoa ihesabiwe kuwa ndio mwisho wa mkataba. Mazungumzo ya kuongeza mkataba yawe na ukomo; yakishindikana, simu zianze kupigwa wiki hiyohiyo. Klabu isitoe nafasi ya raundi ya kwanza kuimarisha kikosi ambacho nguzo zake zinaweza kuondoka bure. Benchi la ufundi litoe maoni yake lakini lisiwe na kura, maana kocha anahukumiwa kwa mechi ya kesho. Na narudia, hata kama nachosha: misimu miwili, si miezi mitano.

Juni 2025 Siakam alicheza fainali ya NBA akiwa na Indiana. Mwezi huohuo Toronto iliachana na Ujiri.