Ua la Chikanda na Mahali Limeapo

Leo nitasema habari za ua ambalo wengi huchimba kiazi chake, wala hawajapata kulitazama uso.

Tangu Januari hata Machi, mvua ikiwa imekwisha kulainisha ardhi, mtu atokaye Sumbawanga kwa miguu kuelekea milima ya Mbizi huweza kuona katikati ya majani shina moja lililosimama wima, limejaa maua madogo yaliyopangana kama suke. Asipite, achutame. Huenda ni okidi, na chini yake pana kiazi cha chikanda. Jirani zetu wa Zambia hukausha viazi hivyo na kuvitwanga, wakachanganya unga wake na karanga, pilipili na magadi, wakaupika mpaka ukashikana kama mkate.

Okidi za chikanda ni za jamaa tatu hasa, na rangi isikudanganye: ligeuze ua utazame mgongoni. Ukiona vipembe viwili vyembamba vinaning'inia, hiyo ni Satyrium. Kipembe kimoja, kitokacho katika jani la ua la juu lililojikunja kama kofia, ni Disa. Habenaria nayo ina kimoja, ila chake hutoka katika jani la chini, na ua lenyewe kwa kawaida ni jeupe au la kijani. Wenye vipembe virefu hungojea nondo wa usiku, ambao ndimi zao ndefu huufikia utamu uliomo ndani.

Usizitafute shambani katika matuta. Hupenda ardhi isiyolimwa: mabonde yenye majimaji, na miteremko ya majani mafupi. Habenaria huonekana pia chini ya miti ya miombo, mahali ambapo jua hupenya.

Ndani ya udongo mna viazi viwili. Kimoja ni kikuukuu, kimesinyaa, kwa kuwa kimelisha shina la mwaka huu. Cha pili ni kipya, kigumu, nacho ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka hicho kigumu, na akikitwaa mmea umekwisha. Je, mbegu? Mbegu zake ni kama vumbi, hazina chakula ndani. Haioti hata moja porini isipokutana na kuvu wa udongoni wa kuilisha. Kisha hupita miaka kabla ya kutoa ua. Ndiyo sababu chikanda hailimwi kama viazi vitamu.

Mwaka 2003 wataalamu walikadiria kwamba viazi zaidi ya milioni 2 vilikuwa vikichimbwa Tanzania kila mwaka kupelekwa Zambia. Mimi simlaumu mama auzaye debe moja apate ada ya mtoto; lakini bonde likiisha, ada ya mtoto wa pili itatoka wapi? Tangu 1975 mkataba wa mataifa umetaka kibali kwa kuvusha okidi mpakani, na mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, wenye okidi nyingi, ulifanywa hifadhi ya taifa. Mabonde ya Ufipa yako mikononi mwa wenyeji.

Basi wanafunzi, mkienda porini chukueni daftari. Andikeni mwezi, rangi, idadi ya vipembe, na kama mahali ni bonde, mteremko au chini ya miti. Kiazi kiacheni kilipo.