Kabla ya Kubadili Diski ya Kompyuta Mpakato



Kompyuta mpakato inapokuwa nzito, wengi wetu hudhani dawa ni kununua nyingine. Mara nyingi kinachoichelewesha ni diski ya zamani, yenye sahani zinazozunguka. Diski ya SSD haina sehemu inayozunguka. Ikiwekwa katika mashine ileile, kompyuta huwaka na kufungua mafaili kwa kasi zaidi. Wala si lazima itoke kwa mtengenezaji wa kompyuta hiyo. Mlaji ana hiari ya kununua ya kampuni nyingine. Leo tunazungumzia namna ya kuitumia hiari hiyo bila kupoteza fedha wala kumbukumbu.

Kwanza, jua kinachoingia. Diski ya SATA ya inchi 2.5 haiwezi kukaa mahali pa kijiti chembamba cha M.2. Hata vijiti vya M.2 vipo vya SATA na vya NVMe. Vinafanana kwa umbo, lakini si kila kompyuta hupokea vyote. Baadhi ya kompyuta zina hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi kuu, nayo haibadilishwi. Soma kitabu cha maelekezo, na kama dhamana ya kompyuta bado hai, soma masharti yake kabla ya kuifungua.

Pili, jihadhari na diski bandia. Zipo zilizochezewa ili zitangaze ukubwa usio wake: kompyuta husoma terabaiti 1, kumbe ndani mna gigabaiti chache. Hatari yake ni kwamba hazikatai kupokea data. Zikijaa, huandika juu ya data iliyotangulia au kuitupa mpya. Mwenye mali huendelea kuona majina ya mafaili, asijue kwamba picha za harusi au hesabu za duka zimekwisha kupotea.

Kwa hiyo, ukubwa unaoonekana kwenye skrini si ushahidi. Ushahidi ni kuijaza diski mpya ingali tupu, kisha kuisoma yote. Programu za bure, kama H2testw na F3, hufanya kazi hiyo. Hata hivyo, tumtendee haki muuzaji: diski ya terabaiti 1 kuonekana kama gigabaiti 931 kwenye Windows si udanganyifu. Mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows huhesabu kwa 1,024.

Tatu, itunze diski ya zamani. Nakili data kabla ya kazi kuanza, na usiiache diski hiyo kwa fundi. Kufuta faili hakuliondoi mara moja. Mwenye ujuzi aweza kulirejesha, pamoja na siri zako. Ihifadhi wiki kadhaa kama akiba, hadi uwe na hakika na ile mpya.

Mwisho, dai risiti ya EFD inayotaja aina na ukubwa wa diski, na dhamana ya maandishi. Fanya jaribio siku ileile ya kununua, wakati dhamana ingali hai. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Lakini lalamiko husimama kwa ushahidi. Risiti, kasha na matokeo ya jaribio ndivyo vitakavyokusemea.