Nani mwenzangu? Matapeli, simu zetu na siri zetu

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu, muuguzi, kwenye sherehe ya Uhuru, Kilburn)



Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nizungumzie afya kama kila mwaka: presha, sukari, chumvi kwenye pilau. Nikamwambia presha nitampima pembeni kila anayetaka, lakini jukwaani mwaka huu niacheni niseme juu ya simu. Maana siku hizi watu wanaonifuata baada ya ibada, kwenye misiba, hata kituoni nikisubiri basi hapa Kilburn High Road, hawaniulizi tena habari za magoti. Wananionyesha meseji. "Dada, hebu nisomee hii, ni ya kweli?" Na wengine presha imepanda kwa sababu ya hiyo hiyo meseji.

Nianze na ile ya nyumbani. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Nani hapa ambaye ndugu yake Tanzania hajawahi kuipata? Tunaicheka. Lakini tuitazame vizuri, kwa sababu ni kazi ya mtu mwenye akili. Hana jina lako, hajui una mtoto wala una nyumba. Anatuma kwa watu maelfu, na katika maelfu hao lazima yupo mmoja ambaye asubuhi hiyo alikuwa anataka kumtumia mwenye nyumba kodi, au fundi pesa ya saruji. Huyo ndiye anayeingia. Sisi wauguzi tuna maneno magonjwa nyemelezi, yaani yale yanayosubiri mwili uwe na upenyo. Huu ni utapeli nyemelezi.

Na msidhani hapa Uingereza tumeukimbia. "Mama, simu yangu imeharibika, hii ndiyo namba yangu mpya" ni mtoto wa baba mmoja na ile ya kodi. Ile ya kifurushi cha posta kinachodai pauni 2 na ushee, hivyo hivyo: katika London nzima, kila siku, kuna watu wengi wanaosubiri kifurushi. Hizo pauni 2 si shida yake. Anataka namba za kadi yako. Mwanzoni mwa 2021, tulipokuwa tunachanja watu dhidi ya Korona, zilizuka meseji za kujifanya NHS zikimwambia mtu aweke namba za kadi ya benki ili apate nafasi. Chanjo ile ilikuwa bure kwa kila mtu.

Sasa niseme jambo ninalolijua kwa kazi yangu. Wodini, kabla sijampa mgonjwa dawa, siruhusiwi kumwuliza, "Wewe ndiye Mzee Juma?" Mgonjwa mwenye homa, au asiyesikia vizuri, au mwenye adabu tu, atajibu ndiyo, hata kama ni Mzee Hamisi. Niliposomea shahada ya uuguzi hapa Uingereza tulifundishwa tangu mwaka wa kwanza kusema: "Nitajie jina lako kamili na tarehe yako ya kuzaliwa." Halafu unalinganisha na mkanda wa mkononi na chati. Jina linatoka kwake, halitoki kwangu.

Tazameni sasa tunavyopokea simu. Namba ngeni inaita. Tunasema, "Nani mwenzangu?" Hapo bado tuko salama. Upande wa pili mtu anacheka: "Yaani umenisahau mara hii!" Aibu inatushika. Kwetu sisi kumsahau ndugu ni kosa zito kuliko kupoteza pesa. Tunaanza kubahatisha: "Ni Baraka? Baraka wa shangazi, wa Morogoro?" "Ndiye!" Umeshampa jina, ukoo na mji. Dakika tatu baadaye huyo Baraka amekwama Chalinze na mgonjwa ndani ya gari.

Usimtajie jina. Adabu haivunjiki ukisema, "Samahani, sikusikii vizuri, nitakupigia kwenye namba yako ya siku zote." Kisha piga ile namba iliyomo kwenye simu yako tangu zamani, siyo hiyo iliyokupigia. Na msiseme sauti niliitambua. Siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia rekodi fupi tu, na sisi ni watu wa kutumiana ujumbe wa sauti wa dakika saba. Kila familia iwe na swali lake. Lisiwe jina la mama wala la kijiji, hayo yote yapo Facebook. Kwetu tunaulizana bibi alikuwa akimwitaje mbuzi wake mweusi. Jibu silitaji hapa.

Kuna simu moja inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inatumia koti langu la kazi. "Mimi ni nesi, mwanao ameanguka shuleni, tumemlaza, anahitaji operesheni sasa hivi, tuma laki tatu." Mzazi yuko Cricklewood, mtoto yuko bweni Tanzania. Nani asingetuma? Basi jueni haya. Malipo ya hospitali za serikali Tanzania hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, tarakimu 12, zinaanza na 99. Hospitali haitaki pesa iingie kwenye simu ya nesi. Mwulize: wodi gani, namba ya jalada ngapi, daktari wa zamu nani? Nesi wa kweli hakasiriki kuulizwa, ndiyo kazi yake kutwa nzima. Halafu kata simu, mpigie mwalimu au mkuu wa bweni kwa namba unayoijua wewe.

Tena wodini kwetu mofini haitoki kabatini kwa saini ya muuguzi mmoja. Tunakuwa wawili: mmoja anahesabu, mwingine anahesabu tena, wote wanasaini. Hakuna anayeona ametukanwa. Nawaomba muichukue sheria hiyo nyumbani. Pesa yoyote ya dharura inayozidi kiwango mlichokubaliana, tuseme pauni 100, isitoke bila watu wawili kuitazama hiyo meseji. Mnaoishi peke yenu, chagueni rafiki. Mtaona jinsi matapeli wanavyoichukia sheria hiyo: karibu kila mara watakwambia usimwambie mtu, au utachelewa.

Nije kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, hasa ya misiba. Tukifiwa hapa, kusafirisha mwili ni maelfu ya pauni, na sifa yetu kubwa ni kwamba tunachanga haraka. Tapeli akiiteka akaunti ya mweka hazina, ana saa mbili au tatu za mavuno. Na anaiteka kirahisi mno. Unapata SMS yenye tarakimu 6. Mara mtu unayemjua, ambaye yeye mwenyewe ameshatekwa, anakuandikia: "Samahani, nimetuma namba kwako kwa makosa, nirudishie." Ukimpa, umempa ufunguo wa nyumba. Namba hiyo haipewi mtu yeyote, hata akiwa mwenyekiti, hata akiwa mimi. Dawa yake ni uthibitishaji wa hatua mbili: unaweka namba yako ya siri ndani ya WhatsApp, na mwizi hata akiipata ile SMS anakwama hapo. Na ninapendekeza kwa kamati, bila kuingilia kazi yao: akaunti ya rambirambi isibadilishwe kamwe kwa meseji. Ikibadilika, itangazwe kwa mdomo na watu wawili.

Juu ya kurudishiwa pesa, wengi wamesikia nusu tu ya habari. Ni kweli, tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za hapa zinatakiwa kumrudishia mteja aliyedanganywa akatuma pesa mwenyewe, hadi pauni 85,000, na kwa kawaida ndani ya siku 5 za kazi, ingawa zinaweza kukata hadi pauni 100 za mwanzo. Lakini hiyo ni kwa pesa iliyotoka akaunti ya Uingereza kwenda akaunti nyingine ya Uingereza. Uliyomtumia Baraka wa Chalinze kwa njia ya simu haimo. Ya kiwanja cha Kigamboni ulichokiona Instagram ukalipa moja kwa moja Dar, haimo. Sarafu za mtandaoni hazimo. Yaani njia tunazozitumia sisi zaidi kuliko Waingereza ndizo zisizo na kinga. Ndiyo maana nasema sisi tuwe wagumu kuliko wao.

Kuhusu hati za kuishi hapa. Zile kadi za BRP nyingi ziliandikwa mwisho wake tarehe 31 Desemba 2024, na sasa hadhi zetu ziko kwenye eVisa. Watu wamechanganyikiwa, na pale watu walipochanganyikiwa tapeli hufungua duka. Kufungua akaunti ya eVisa ni bure. Wizara ya Mambo ya Ndani haikupigii simu kudai faini ulipe kwa vocha za dukani. Ile namba ya kuthibitisha hadhi yako, inayodumu siku 90, mpe mwajiri, mwenye nyumba au ofisi yenye haki ya kuidai, basi.

Na vyeti vya ufadhili wa kazi. Hapa nitasema bila kupaka mafuta, maana wauzaji wengine wanaongea Kiswahili kizuri kuliko mimi. Cheti cha ufadhili hutolewa na mwajiri mwenye leseni. Hakiuzwi, na anayekuuzia anavunja sheria. Orodha ya waajiri wenye leseni iko kwenye tovuti ya serikali, ni bure kuitazama. Tangu tarehe 22 Julai 2025 njia ya kuwaleta wahudumu wapya wa kutunza wazee kutoka nje ya nchi imefungwa kabisa, hata hivyo bado kuna watu wanachukua mamilioni ya shilingi kwa wasichana wetu Mwanza na Tanga kwa kazi hizo hizo. Wapigieni simu ndugu zenu muwaambie tarehe hiyo.

Za kupanda fedha na kuvuna mara mbili sitakaa nazo. Wanaoikumbuka DECI ya mwaka 2009 wanajua ile mbegu iliota nini.

Sasa siri zetu. Sisi ni watu wa furaha, na furaha yetu tunaipiga picha. Mtu amepata uraia, anaweka Facebook cheti chote, namba inasomeka. Anasafiri, anaweka pasi ya ndege. Mtoto ametimiza miaka 5, tunaandika jina lake kamili, tarehe, na amevaa sare yenye nembo ya shule. Hapo tumempa mtu asiyetujua kila kitu anachohitaji kujifanya ni mjomba. Furahini, lakini funikeni namba kwa kidole. Na picha za pasipoti msizitume kwenye grupu. Tumeni kwa mtu mmoja, mkimaliza mzifute.

Mkienda likizo nyumbani, mkisajili laini kwa alama ya kidole, wakala akikwambia "gusa tena, haijasoma" mara nne, kuwa macho: kidole kile kinaweza kusajili laini nyingine kwa jina lako. Piga *106# uone laini ngapi ziko chini ya kitambulisho chako. Namba ya tapeli ripotini 15040 ya TCRA. Na Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina tume yake. Kwa hiyo mtu akisambaza taarifa zako kule, una pa kulalamika.

Vijana, msilale, sasa ni zamu yenu. Mnajua simu kuliko sisi, sibishani. Lakini anayekwambia Snapchat "nipe akaunti yako ipitishe pesa, utabaki na pauni 200" anakufanya punda. Ni utakatishaji wa fedha haramu. Akaunti inafungwa, na alama kwenye kumbukumbu zako inaweza kukaa hadi miaka 6: huna akaunti, huna mkopo wa chuo wa benki, huna mkataba wa simu. Mwenye pesa hakamatwi, anakamatwa punda. Na wazazi, mtoto akija kukwambia amenaswa, funga mdomo kwanza, msikilize. Tukiwapigia kelele mara ya kwanza, mara ya pili hawaji.

Ikishatokea, muda ni kama kwenye kiharusi, kila dakika ina thamani yake. Piga 159, itakuunganisha na benki yako kama ni mojawapo ya benki kubwa. Kisha ripoti 0300 123 2040. Meseji ya kitapeli isambaze kwenda 7726, ni bure. Usioge kwanza, usisali kwanza, usisubiri mume arudi kazini. Aliyepigwa si mjinga. Nimewaona madaktari wamepigwa. Waliopata nafuu ni wale waliosema mapema, kwa hiyo tukisikia mwenzetu amepigwa tusimtanie ukumbini.

Baada ya chakula nitakuwa kwenye meza ya pembeni karibu na mlango, mashine ya presha ninayo. Leteni na simu zenu, ziwe na chaji. Vijana wawili wamekubali kunisaidia kuwawekea wazee uthibitishaji wa hatua mbili, lakini namba ya siri utaiandika mwenyewe, na sisi tutageuka tutazame ukutani. Wasiokumbuka miwani, ninayo ya akiba.