Kikokotoo cha Grafu Ndani ya Mchezo wa Kompyuta

(Maneno ya mwalimu wa kujitolea katika kikao cha wazazi na walimu, Dodoma)



Nimeombwa nieleze tunachofanya siku za Jumamosi na zile kompyuta sita kuukuu, kwa kuwa yamefika malalamiko kwamba watoto wanacheza michezo badala ya kujiandaa na mtihani. Malalamiko hayo nayaheshimu. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kuyatoa.

Programu tunayotumia inaitwa Scratch. Ilitolewa mwaka 2007 na wataalamu wa chuo cha MIT kule Marekani, wakiongozwa na Profesa Mitchel Resnick, ili watoto watengeneze michezo na katuni zao wenyewe. Ni ya bure, ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti, na maagizo yake yanapatikana kwa Kiswahili. Mtoto haandiki maagizo hayo kwa herufi. Anayaburuta na kuyapachika moja chini ya jingine, kama anayepanga matofali.

Basi walitengeneza paka anayekimbia, kisha paka anayeruka. Siku moja binti wa Kidato cha Tatu, ambaye darasani hesabu humtoa machozi, aliniuliza: "Mwalimu, huyu paka anajuaje pa kwenda?" Nikamwonyesha kwamba jukwaa lina upana wa hatua 480 na kimo cha hatua 360, sifuri iko katikati, na kila mahali pana namba mbili, x na y. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Kumbe hii ni karatasi ya grafu!"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Waliamua kutengeneza kikokotoo cha kuchora grafu. (Sisemi kile kikokotoo cha mafao ya wastaafu, hicho tuwaachie wenyewe.) Kampuni ya Casio ya Japani ilianza kuuza kikokotoo cha namna hiyo mwaka 1985, lakini wanafunzi wetu wengi hawajawahi kukishika.

Kuchora kulionekana rahisi. Mhusika anapewa kalamu, anawekwa ukingo wa kushoto, anasogea hatua moja moja kwenda kulia, na kila hatua anakokotoa y. Waliamua kila kizio kiwe hatua 20, hivyo jukwaa likabeba x kuanzia -12 hadi 12 na y kuanzia -9 hadi 9. Walipojaribu y = x mara x, umbo la bakuli lilitokea na watoto wakapiga makofi. Lakini bakuli lile lilikuwa na mabawa pande zote mbili! Scratch haimruhusu mhusika atoke nje ya jukwaa, hivyo y ilipozidi 9 alikwama juu, na kalamu yake ikaburuzwa kwenye ukingo. Kisha wakajaribu 1 gawanya kwa x. Kushoto kwa sifuri mstari ulishuka hadi chini, kulia kwake ukaanzia juu, na kalamu ikaunganisha pande hizo mbili kwa mstari wa wima ambao haupo kabisa katika hesabu. Waliteseka Jumamosi nzima. Dawa ikawa moja kwa magonjwa yote mawili: kalamu iinuliwe kila y inapotoka nje ya jukwaa.

Shida kubwa ilikuwa nyingine. Mtu akiandika "10-4+3", kompyuta inaona herufi tu. Ni lazima uifundishe kuzisoma. Wanafunzi wakasema: hiyo ni MAGAZIJUTO, tuliisoma shule ya msingi! Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Wakaifundisha mashine hivyo hivyo, kujumlisha kabla ya kutoa. Ikafanya 4 + 3 kwanza, ikapata 7, ikatoa kwenye 10, ikajibu 3.

Ndugu zangu, jibu ni 9. Wengi waliilaumu kompyuta. Yule binti alichukua karatasi, akarudia hesabu mara mbili, akasema kompyuta imetii, tatizo ni sisi. Kujumlisha na kutoa zina nguvu sawa, na anayetangulia kushoto ndiye anayefanywa kwanza. Nami nakiri mbele yenu kwamba nimefundisha MAGAZIJUTO miaka mingi bila kulisema jambo hilo waziwazi. Sijui ni alama ngapi za watoto zilipotea kwa sababu hiyo.

Njia waliyotumia baadaye ilibuniwa na Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1961. Unakuwa na orodha mbili, moja ya namba na nyingine ya alama. Kabla ya kuweka alama mpya, unatazama iliyotangulia. Ikiwa ina nguvu sawa au zaidi, unaimaliza hiyo kwanza. Tulifanya mazoezi kwa vifuniko vya soda mezani kabla ya kugusa kompyuta, na kwa kweli vifuniko ndivyo vilivyowafundisha.

Mzazi mmoja ameniuliza: faida yake nini kwa mtihani wa Hesabu wa Kidato cha Nne? Lakini huwezi kuifundisha mashine kitu usichokielewa. Yule binti sasa huchora grafu kwa mkono na kuniambia mapema mstari utakatika wapi. Bado anakosea mafumbo ya maneno, sitawadanganya.

Kazi haijaisha. Ukiandika -3 mwanzoni, kikokotoo chetu kinatafuta namba ya kutolea na kukosa, kisha kinanyamaza. Wanafunzi wawili wanadai watangulize sifuri, wengine wanakataa kwa sababu ya 2 mara -3, na Jumamosi iliyopita ugomvi ule ulikatishwa na umeme. Tunaendelea Jumamosi hii saa tatu asubuhi. Mzazi mwenye waya mrefu wa umeme wa kutuazima, tafadhali aje nao.