Kabla ya Kushusha Difu: Kutafuta Ugonjwa wa Difu ya Nyuma kwenye Gari la Fowili



Nimepewa mada ya difu ya nyuma. Nitaegemea zaidi Land Cruiser za mfululizo wa 70, kwa sababu ndizo zinazojaza gereji za magari ya watalii hapa Arusha: zimerefushwa chasisi, zimekatwa paa, na msimu mzima zinapanda na kushuka kati ya Ngorongoro na Serengeti zikiwa zimeshiba abiria na mizigo. Ninachotaka kusema ni kwamba tunakimbilia kushusha difu mapema mno, halafu tukishaipata na hatia hatuulizi ni nini kilichoiua. Matokeo yake mwenye gari analipa mara mbili.

Tuanze na dereva. Akikuambia "difu inalia", weka spana chini umuulize. Inalia ukikanyaga mafuta, ukiachia, au muda wote? Mlio mwembamba unaokuja ukikanyaga na kupotea ukiachia, au kinyume chake, mara nyingi ni wa meno ya kraunwili na pinioni kutokutana inavyotakiwa. Mngurumo usiojali mguu wa dereva, unaopanda tu kadiri mwendo unavyopanda, uelekeze kwenye beringi. Kelele ya kwenye kona peke yake, ukinyoosha usukani inakwisha, inakupeleka kwenye spaida gia. Kama difu ni ya LSD, uliza kwanza iliwekwa oili gani. Kishindo kimoja wakati wa kuingiza gia kina watuhumiwa wengi, na difu ni wa mwisho kwenye foleni: krosi za propela, bolti za flenji zilizolegea, splaini zilizolika, hata bushi za springi.

Baada ya hapo endesha mwenyewe. Kwenye lami iliyo wazi, fika kilomita 80 kwa saa, kisha tia niutro. Kelele ikishuka pamoja na mzunguko wa injini, rudi mbele ya gari. Ikibaki inafuata mwendo wa magurudumu, umebaki na propela, difu, beringi za magurudumu na matairi. Tairi linajulikana kwa kubadilisha sauti barabara inapobadilika. Matairi ya matope ndiyo yanayotudanganya kuliko kitu kingine chochote. Beringi ya gurudumu nayo hubadili sauti ukiliyumbisha gari taratibu kulia na kushoto, uzito ukihama upande. Difu haina habari na mambo hayo yote mawili.

Magari yaliyorefushwa yana kesi yake ya pekee. Chasisi ikiongezwa, propela nayo imeongezwa. Kama kazi ya kuchomelea haikufuatiwa na kubalansi, au pembe ya pinioni haikulingana na pembe ya kule inakotokea transfa kesi, gari litatetemeka kwenye mwendo fulani na kuvuma kuanzia katikati hadi nyuma. Abiria wa kiti cha nyuma ataapa kwamba ni difu. Pima pembe zote mbili kabla ya kumwamini.

Sasa tuingie chini ya gari, na hapa naomba sana tahadhari. Weka vizuizi kwenye matairi ya mbele, nyanyua ekseli yote, simamisha kwenye stendi imara. Wenye Land Rover Defender za zamani wasisahau kwamba breki yao ya mkono inashika propela nyuma ya transfa kesi, si magurudumu. Ukinyanyua tairi moja la nyuma, difu inaliruhusu lile la hewani lizunguke kinyume, na gari linaondoka juu ya jeki huku breki ya mkono ikiwa imevutwa.

Gari likiwa juu, gia iko huru, na difu loki imetolewa, shika flenji ya pinioni uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi za pinioni zimekwisha, huhitaji ushahidi mwingine. Zungusha tairi moja kwa mkono: kwenye difu ya kawaida la pili linarudi kinyume. Halafu mwenzako alishikilie tairi moja lisisogee, wewe zungusha lingine mizunguko miwili kamili ukihesabu propela. Kwa difu ya 4.1, propela itazunguka mara nne na kidogo. Tairi likizunguka propela ikakaa kimya, tafuta shafti iliyokatika, pini ya spaida iliyovunjika au meno yaliyonyolewa.

Oili nayo inasema mengi. Legeza kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Nati ya juu ikigoma baada ya kumwaga, umebaki na gari lisilotembea. Mwaga kwenye karai safi, peleka kwenye jua. Ujiuji wa kijivu kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyometameta, vyembamba kama magamba ya dagaa, ni uso wa beringi unaobanduka. Kipande chenye kona kali ni jino. Oili ya rangi ya maziwa imeingia maji, na nyeusi yenye harufu ya kuungua imefanya kazi ikiwa pungufu.

Kama bado una shaka, Land Cruiser inakupa nafasi ambayo magari mengi hayana. Uzito wake wa nyuma umebebwa na habu juu ya hausingi. Shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Chomoa propela ya nyuma, funga habu za mbele, weka fowili, nenda taratibu kwenye barabara ya vumbi: gari linavutwa na mbele. Kelele ikibaki, rudi uchomoe na shafti zote mbili (washa zake za koni hutoka kwa kugongwa kwa nyundo ya shaba), ziba habu vumbi lisiingie, endesha tena. Sasa difu imesimama kabisa. Kelele ikitoweka, umeipata. Ikiendelea, ni gurudumu au tairi, na umemwokolea mtu pesa nyingi. Ujanja huohuo umerudisha nyumbani magari yaliyovunja difu porini. Usiujaribu kwenye Hilux, ambako tairi limeshikwa na shafti yenyewe: ukiitoa, tairi linatoka nayo.

Ukishafungua, usiishie kutazama kilichovunjika. Angalia kipumulio. Difu iliyopata moto ikiingia mtoni hupoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kipumulio kikiwa kimeziba kwa tope, maji yatavutwa kupitia kwenye sili. Fundi anayebadilisha beringi na sili akaacha kipumulio kilekile atamwona mteja huyo tena baada ya masika. Mpira mrefu wa kukipandisha kipumulio hadi juu ya chasisi ni bei ya soda chache.

Kuhusu difu za mtumba, ambazo wengi wetu tunafunga kwa kuwa mpya haikamatiki, nina neno moja zito: hesabu meno. Kraunwili ya meno 41 kwa pinioni ya 10 ni 4.1, 43 kwa 11 ni 3.9. Gari la fowili lenye 4.1 mbele na 3.9 nyuma litatembea vizuri tu hadi siku dereva atakapoweka fowili. Hapo kila tairi la mbele likizunguka mara 100, la nyuma linataka 105. Kwenye matope matairi yatateleza na kusameheana. Kwenye ardhi kavu kitu lazima kivunjike, mara nyingi transfa kesi au ile difu uliyoifunga jana, na utaambiwa uliuza sipea mbovu.

Upangaji wenyewe, yaani mkazo wa beringi, mwachano wa meno unaopimwa kwa geji na alama ya rangi kwenye meno, tutaufanya kwa vitendo mchana, kwa vipimo vya kitabu cha gari husika, si vya kichwani. Difu mbili ziko mezani pale nyuma, na oili zake nimeziweka kwenye makarai pembeni. Kila kundi liandike limeona nini kwenye oili kabla ya kugusa bolti hata moja.