Andika Nambari, Dai Risiti: Polisi Pia Wana Sheria

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Tassia



Nimeombwa nizungumzie nidhamu ya polisi. Tusidanganyane: polisi hawaajiriwi wala hawaadhibiwi na kaunti. Wako chini ya serikali ya kitaifa. Lakini ninyi ni wakazi wetu, na ni haki yenu kujua sheria inasema nini na malalamiko yapelekwe wapi.

Hadithi hii mnaijua. Kijana anatoka kazini usiku, anashuka Outering, anakamatwa kabla ya kufika mlangoni. Asubuhi mamake anachangisha majirani ili atolewe. Hakuna risiti wala rekodi. Wiki ijayo ni zamu ya mtoto wa jirani.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema anayekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza mahakama ikifunguliwa. Bondi ya polisi ni bure. Ukiambiwa uweke dhamana ya pesa taslimu, dai risiti.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka afisa aliyevaa sare aweke jina au nambari yake ya kazi mahali inapoonekana. Akitumia nguvu kinyume cha sheria, hawezi kujitetea kwamba aliamriwa na mkubwa wake. Adhabu za nidhamu ni pamoja na karipio, kusimamishwa kazi, kushushwa cheo na kufutwa. Kosa la jinai linaenda mahakamani.

Kwa hivyo, andika jina au nambari ya afisa, nambari ya gari, saa, mahali na mashahidi. Ukiumizwa, tibiwa kwanza, tunza karatasi za hospitali, kisha ujaziwe fomu ya P3. Omba nambari ya OB. Kituo kisipokusikiliza, huhitaji ruhusa ya OCS kwenda kwa IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi. Piga 1559 bila malipo. Malalamiko hupokelewa kwa mdomo au kwa maandishi, na unaweza kuomba jina lako lisitajwe.

Najua mnaogopa, na hofu hiyo ina sababu. Mwaka wa 2016 Josephat Mwenda, mwendeshaji bodaboda aliyelalamika kwa IPOA baada ya kupigwa risasi na afisa, aliuawa pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Kikaratasi cha kuomba msaada, kilichotupwa nje kutoka walikozuiliwa, kilikuwa sehemu ya kesi hiyo. Februari 2023 Mahakama Kuu ilimhukumu afisa mmoja kifo; maafisa wengine wawili na raia mmoja walifungwa.

Haki ilichelewa zaidi ya miaka sita. Lakini ilianza na watu walioandika.

Basi usiende peke yako. Nenda na jirani, na nambari ikiwa mfukoni.

Sasa nipo kwa maswali yenu.